Walinitibu Malaria, Nami Nilikuwa Sijalala

Sogeza kiti, ndugu yangu, na kama umesimama, kaa kabisa. Najua umesimama tangu alfajiri. Nazungumza na wewe unayefanya kazi melini, ziwani humu au kwenye maji mengine yoyote, na zaidi nazungumza na mkeo, kwa sababu yeye ndiye atakayeisoma hii hadi mwisho. Wewe utasinzia ukurasa wa pili. Sikucheki. Nilikuwa hivyo hivyo.

Nitaeleza polepole, maana mtu aliyechoka hashiki jambo linalosemwa haraka. Na hapa na pale nitakasirika. Nivumilie, hasira hiyo haikuhusu wewe.

Naitwa Magesa, mtu wa Mara, ila nyumba yangu iko Mwanza, Mirongo. Nilikuwa baharia wa sitaha kwenye meli ya mizigo na abiria iliyozunguka visiwani na kurudi. Jina lake silitaji, wala la mwenyewe. Nilipoanza kazi tulikuwa na zamu tatu. Unafanya kazi saa nne, unapumzika saa nane. Ndani ya hizo saa nane unakula, unafua, unapiga soga, na bado unalala mpaka unaota. Haikuwa raha ya ajabu, lakini tulikuwa watu.

Kisha zikaja siku za soko huria. Meli ikapata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya akapunguza wafanyakazi. Mwanza nzima ilikuwa inapunguzwa wakati ule: viwandani, kwenye ushirika, maofisini. Jirani yangu aliyekuwa karani miaka kumi na saba alionekana wiki iliyofuata na rundo la mitumba begani. Kwa hiyo sisi tuliobaki tulijiona tumebarikiwa. Zamu tatu zikawa mbili. Saa sita kazini, saa sita kupumzika, wiki kwa wiki. Tuliita sita kwa sita.

Ukiisikia unaona ni haki kabisa, nusu kwa nusu. Ngoja nikuonyeshe ilivyo. Unamaliza zamu, unakula. Unafika kitandani, meli inafika bandari, na kwa kuwa watu ni wachache, bandarini mnaamshwa wote: kufunga kamba, kushusha saruji, kupakia ndizi na dagaa. Hapo saa tatu zimekwenda. Mkiondoka, magugu maji yameziba chujio la maji ya kupozea injini, mnaitwa tena kuyang'oa kwa mikono. Unarudi kitandani imebaki saa moja na nusu, na mwili haujui ulale au ungoje kuitwa. Unangoja. Halafu zamu yako inaanza. Kesho vivyo hivyo, na keshokutwa.

Mwili wangu ulibadilika taratibu. Msimu wa pamba wa mwaka ule wa kwanza, kope la jicho la kushoto lilianza kucheza lenyewe. Zilipofika mvua za vuli mikono ilikuwa inatetemeka, nikimimina chai nusu inakwenda kwenye sahani. Nikiwa nyumbani nilisikia injini ukutani.

"Mama Nyamisi," nikamuuliza mke wangu, "hiyo jenereta ni ya nani?"

"Jenereta gani, baba? Umeme upo."

"Hiyo inayounguruma."

Akazima redio, akasikiliza, akanitazama. "Hakuna kitu," akasema. "Kula."

Sikula. Kitanda kilipanda na kushuka utadhani kimefungwa gatini. Kila wiki mbili tulipewa siku mbili za kukaa nyumbani, na hizo ndizo nilizozingoja kwa hamu, lakini zikifika nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda mchana kutwa, viatu miguuni. Mambo ya mume na mke yakaisha. Hilo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Nalisema hapa kwa sababu huenda limekupata na wewe, ukadhani umerogwa. Hujarogwa, umechoka.

Binti yetu Nyamisi alikuwa na miaka tisa. Siku moja aliangusha sufuria jikoni, nami niliruka kutoka kitini na kumpiga kofi kabla sijajua nimesimama. Mtoto ambaye sikuwahi kumgusa. Hakulia. Tangu siku hiyo nikiwa nyumbani alitembea kwa ncha za vidole. Nawachukia waliopanga zamu zile kwa mambo mengi, lakini kwa hilo la mtoto kunyata ndani ya nyumba yake nawachukia kwa namna ya pekee.

Sasa shika vizuri sehemu hii, kwa sababu hapa sisi wenyewe tuliukamilisha ubaya wao. Melini tulikuwa na desturi ya kubebana. Zahanati ya mwajiri ilikuwa na kadi ya kila mfanyakazi, na sote tuliamini kwamba orodha ya kupunguzwa inaanzia kwenye kadi zilizojaa. Basi hakuna aliyeumwa. Mtu akiishiwa nguvu, wenzake walimlaza nyuma ya magunia na kumshikia zamu. Serahangi wetu, Mzee Bwire, ambaye ndiye mkubwa wa mabaharia wa sitaha, alipita pale akitazama mawingu. Na mtu akizidiwa kabisa, ugonjwa ulioruhusiwa ulikuwa mmoja tu: malaria. Malaria ni ya kila mtu. Inapewa siku tatu na haina maswali. Hakuna aliyewahi kupunguzwa kwa kosa la mbu.

Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja nilitibiwa malaria mara tatu, na mara zote tatu nilijua sina.

Nakumbuka benchi la zahanati ile mara ya tatu. Tulikaa wanaume watano wa majini, wa meli tofauti.

"Na wewe unaumwa nini?" mmoja akaniuliza.

"Malaria. Wewe?"

"Malaria, kaka."

"Na yule?"

Yule alikuwa mzee wa meli nyingine. Alikuwa amelala ameketi, mdomo wazi, kofia imemwangukia magotini. Sista alimwita jina mara tatu, hakugutuka.

"Huyo yake imepanda kichwani," akasema aliyekaa mwisho wa benchi, na sote tukacheka hadi sista akatugombeza. Watu watano wagonjwa wa ugonjwa mmoja, na wote tunautaja kwa jina la mwingine, tunacheka. Klorokwini, dawa yenyewe ya malaria, iliniwasha nyayo na viganja siku mbili mfululizo, ikaongeza mlio wake masikioni juu ya ule wa injini. Siku ya nne nilirudi melini.

Mwenzangu wa zamu alikuwa Masanja, Msukuma wa Magu, mtu mfupi mwenye mabega mapana na mdomo usiochoka. Alinibeba kuliko yeyote.

"Magesa, mbu wako wa mwaka huu ni wa kienyeji au wa kisasa?"

"Niache, Masanja."

"Lala basi, mbu wa watu. Nakuamsha tukikaribia. Nyie watu wa Mara mna maneno mengi ya vita, zamu mbili tu mmelala."

Nililala, akanishikia. Na siku zake nami nilimshikia. Tulidhani ni upendo. Ulikuwa upendo kweli, na ndio uliomwezesha mwenye meli kuendesha chombo kizima kwa nusu ya watu bila kusikia mtu akilalamika.

Kiangazi cha mwaka wa pili tuliingia bandari moja ya kisiwani, saa kumi alasiri, jua kali. Kazi yetu ilikuwa ya kila siku. Mimi nashika kishikio cha winchi, mashine inayovuta kamba ya kufungia meli. Masanja anaipanga kamba kwa mikono kwenye pipa la winchi. Akisema "Basi!", nasimamisha. Tulikuwa tumeifanya mara zisizohesabika. Nilikuwa namtazama usoni. Nataka uelewe hilo: macho yangu yalikuwa wazi na nilikuwa namtazama usoni.

Alisema "Basi!" Watu wa gatini walisikia. Akasema tena, kwa kupiga kelele. Mzee Bwire, aliyekuwa mbele ya meli, alisikia. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nimelala, nimesimama, mkono kwenye kishikio. Kilichoniamsha ni Mzee Bwire kunipiga kikumbo. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Masanja vilikuwa vimekwenda na kamba.

Melini, kabla hata damu haijaoshwa sitahani, Mzee Bwire alitukusanya. "Sikilizeni," akasema. "Masanja aliingiza mkono kabla ya wakati. Ndivyo ilivyokuwa. Tukisema Magesa alisinzia, kesho wanatupima sote, na keshokutwa hakuna kazi. Mmenielewa?" Tukasema tumeelewa.

Ofisi ilitaka saini yangu kwenye maelezo hayo ya ajali; kabla ya kusaini nilikwenda kumwona Masanja wodini. Mkono ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kiwiko.

"Mzee Bwire amenieleza," akasema. "Saini."

"Masanja, siwezi."

"Unaweza. Mimi nimeshaharibika, wewe bado una mikono miwili. Tusipotee wawili. Saini, bwana, unikome na hiyo sura ya msibani. Sijafa."

Nikasaini. Ofisi ikaandika kwamba ndugu Masanja aliumia kwa uzembe wake mwenyewe. Mtu aliyeumia kwa uzembe wake mwenyewe hana haki ya kitu, wala kazi. Akarudi Magu na nguo zake ndani ya mfuko wa saruji.

Baada ya hapo sikuweza kulala hata saa ile moja na nusu. Moyo ulikuwa unapiga mpaka shati linacheza. Nilisahau majina ya bandari. Nilipanda ngazi nikashindwa kukumbuka nilikuwa napanda au nashuka. Mwishowe nilianguka jikoni kwetu mbele ya Mama Nyamisi, nikiwa na kikombe mkononi. Alifunga nguo kwenye kitenge.

"Tunakwenda Sengerema kwa dada," akasema. "Kule hospitalini hawana kadi yako."

Tulivuka na kivuko cha asubuhi. Injini ilipowaka nilianza kutoka jasho, mikono imeshika ukingo wa benchi. Mke wangu akakivuta kichwa changu begani kwake, mbele ya watu, jambo ambalo sisi hatukuwahi kulifanya. Nilizinduka tumefika ng'ambo na watu wanashuka. Mama mmoja mwenye kapu la kuku alikuwa anacheka.

"Dada, huyo ni mume au ni mzigo?"

"Leo ni mzigo," mke wangu akajibu. "Kesho tutaona."

Benchi la hospitali lilikuwa refu. Tulinunua daftari la kuandikiwa, tukapanga foleni tangu saa mbili mpaka saa saba. Tulipoingia, tabibu, mwanamume mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniuliza naumwa nini. Nami, ndugu yangu, baada ya yote yale, nikafungua mdomo na kusema, "Kichwa na homa. Nadhani ni malaria."

Alishaanza kuandika. Mke wangu akaweka mkono juu ya daftari.

"Shikamoo, bwana mganga. Nisamehe. Huyu hana malaria. Huyu halali. Ana mwaka na nusu halali. Anasikia injini isiyokuwepo. Amempiga mtoto. Na mwenzake amekatika vidole kwa sababu huyu alikuwa amelala macho wazi, nao wamemsingizia mwenzake."

Sikuwa nimemwambia hilo la vidole. Kumbe nilikuwa nalisema usingizini, kila nilipopitiwa dakika mbili tatu. Niligeuka kumkaripia, badala yake nikaanza kulia, mtu mzima, kwa sauti, na watu wa kwenye benchi wanachungulia mlangoni.

Tabibu alikwenda akafunga mlango. Akapima presha mara mbili kwa sababu hakuiamini ya kwanza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Jana ulilala saa ngapi mpaka saa ngapi? Na juzi? Na siku ya kabla yake?" Nilipomaliza kujibu aliweka kalamu chini. "Hata ng'ombe wa jembe," akasema, "hulegezwa nira."

Matibabu yangu nitayaeleza kama yalivyokuwa, usije ukadhani kuna dawa ya miujiza. Barua ya mapumziko kwa mwajiri, iliyotaja presha peke yake. Vidonge vya presha kila siku. Vidonge vidogo vya usingizi kwa wiki mbili tu, na alinionya nisiombe zaidi. Kila Jumatatu kurudi kwake. Na kukaa kwa shemeji, huyo dada wa mke wangu, mbali na maji, nikilima bustani yake asubuhi na kulala saa ile ile kila siku. Wiki ya kwanza nililala kama jiwe nikaamka na hali mbaya zaidi, mwili wote unauma kama niliyepigwa. Wiki ya tatu nilihisi njaa. Shemeji alinipikia viazi na maziwa ya mgando, nikamaliza bakuli, akapiga kigelegele peke yake jikoni. Mvua za vuli ziliponyesha, mikono ilikuwa imetulia. Jirani alikuwa anatwanga, na nilisikia mtwangio, sikusikia kingine. Nilikaa nikiusikiliza kama mtu aliyepewa zawadi.

Lakini kadiri nilivyopona ndivyo hasira ilivyonipanda. Mtu aliyechoka hana nguvu ya kukasirika, na nadhani wenye vyombo wanalijua hilo. Nilimweleza tabibu kwamba nikilala naona jina la Masanja kwenye karatasi niliyosaini. Akasema, "Kwa hilo sina kidonge. Hilo dawa yake unayo mwenyewe."

Mke wangu aliogopa, na alikuwa na haki. "Ukienda kusema, umejifukuza," akaniambia. "Tutakula nini?" Tulibishana siku tatu. Siku ya nne alinipigia pasi shati.

Ofisini nilimkuta meneja. Nikamwambia nimekuja kufuta maelezo yangu.

"Bwana Magesa, unajua unachokisema? Unasema ulilala kazini."

"Nasema nililala nimesimama, siku ya kumi na moja mfululizo ya sita kwa sita. Masanja alisema 'basi' mara mbili. Hakukosea kitu."

"Kwetu hilo linaitwa uzembe."

"Liite. Lakini liandike kwangu, siyo kwake. Na uandike na zamu zilivyokuwa."

Zamu hakuziandika. Nilizikuta hazipo nilipopewa kusoma, nikaziandika mwenyewe chini kwa kalamu yake, herufi kubwa, ndipo nikasaini. Mkono haukutetemeka. Barua ya kuachishwa kazi niliipata kabla ya Jumamosi. Mzee Bwire tulikutana mjini, akavuka barabara asinisalimie. Masanja alifutiwa lile neno la uzembe na akapata fidia yake ya kuumia, baada ya kusumbuliwa sana.

Unadhani alishukuru? Nilikwenda Magu wakati wa kuvuna mpunga. Nilimkuta anapepeta, ungo kaubana kwa kiganja na vidole vilivyobaki.

"Nani alikutuma?" akaniuliza. "Nilikwambia tusipotee wawili. Sasa tumepotea wawili. Hesabu ya shule gani hiyo?"

Nikasaidia kushika gunia. Tulijaza matatu. Kisha akasema, bila kunitazama, "Vidole sina kesi navyo. Ulikuwa umelala, hata mimi nililala siku nyingine, bahati tu. Mimi nakudai ile saini."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisaini."

"Ndiyo. Na nilitegemea utakataa."

Hilo ndilo ninaloishi nalo. Presha nina vidonge vyake. Usingizi umerudi, nalala kama watu. Nyamisi siku hizi anatembea kwa visigino na kubamiza milango, nami namwacha abamize. Nafanya kazi kwenye karakana ya mbao, mchana tu. Ila nikipita gatini naiona meli ile, imepakwa rangi mpya, na najua ndani yake kuna mtu amelazwa nyuma ya magunia na rafiki yake anayempenda. Nataka kupiga kelele. Badala yake nimeandika.

Wewe uliyefika hapa bado hujapotea. Usingoje winchi ikuamshe, wala usimbebe mwenzako kimya kama nilivyobebwa. Fanya hivi. Kuanzia leo, kwa siku saba, andika kwenye karatasi saa ulizolala, siyo saa ulizopumzika. Siku ya nane nenda hospitali pamoja na mtu mnayelala nyumba moja. Kabla hujataja kichwa, kabla hujataja homa, mpe tabibu karatasi hiyo, kisha nyamaza umwache mwenzako aeleze.